Majua Matatu

Barua ilikuja Jumanne, fupi, yenye adabu zake:
Bi Urve Kasemets, picha yako imeingia kumi bora.
Tunaomba faili ghafi, lile lililotoka kamerani
kabla mkono haujaligusa,
mwisho Ijumaa, saa sita usiku.
Majaji wanauliza kuhusu majua.

Wana haki. Hata mimi ningeuliza.
Ziwa Peipsi limeganda, jeupe hadi linachosha macho,
mwanamke kaketi juu ya ndoo, kaupa upepo mgongo,
uzi wake umezama katika tundu la barafu,
na juu ya kilemba chake cha sufu majua matatu,
moja katikati, mawili ubavuni,
yamekaa kama mafiga
yanayongoja chungu.

Mimi ni mfamasia. Nimezoea kuombwa cheti.
Ningeweza kuwaandikia habari za fuwele,
vumbi la barafu linaloelea hewani likipinda nuru,
nyuzi ishirini na mbili kila upande, hesabu ya shule.
Fedosia, aliyekaa kwenye ndoo, anasema kwa ufupi:
"Jua limeota masikio. Kesho meno yatauma."
Na kesho yake yaliuma.

Nikapekua droo. Betri zilizokufa, risiti,
funguo za baiskeli iliyoibwa mwaka juzi,
kisha diski, na ndani ya diski, Februari.
Mwanangu Mihkel akanielekeza kwa simu kutoka Tartu:
"Mama, usilifungue ukalihifadhi upya. Litume lilivyo.
Faili ghafi halisemi uongo."

Nikalifungua kulitazama tu.
Ghafi kweli. Kijivu, limepooza,
kama samaki aliyelala siku mbili sokoni.
Upeo wa macho umeinamia kulia.
Lakini majua yapo, yote matatu,
na ubavuni mwa picha, tarakimu zinatoa ushahidi:
saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi,
lenzi hii, kasi hii, mwanga huu.
Baridi haikuandikwa.
Wala vidole vyangu, vilivyogoma ndani ya glavu.

Wala hili halikuandikwa:

kwamba Fedosia hakuwa pale.
Alikuwa hatua thelathini kushoto, kwenye tundu lake,
ana sangara mmoja kwenye theluji na wa pili anagusagusa chambo,
nyuma yake pikipiki ya theluji ya mjukuu, nyekundu kama kidonda,
na mfuko wa plastiki wa duka la vyakula.
Nikapaza sauti: "Fedosia, mpenzi, njoo huku, dakika tatu tu!"
Akaja. Akaja na ndoo yake.
Akakaa kwenye tundu la jana, la mtu mwingine,
lililokwisha kuziba kwa utando wa barafu.
Akatoboa kwa kisigino, akatumbukiza uzi
usio na ndoano.

Hakuna aliyeuliza hilo.
Sheria za shindano zina kurasa nne
na zote zinaanza baada ya kidole kubonyeza.

Ijumaa mchana nikavuka uzio kwenda kwake.
Alikuwa anasuka vitunguu, fungu juu ya fungu.
Nikamwambia wanataka ithibati.
"Ya nini?"
"Ya majua."
Akacheka hadi akashika ubavu.
"Majua kila mtu kijijini aliyaona, hata mbwa aliyaona.
Yule samaki je? Sangara wangu wa pili,
niliyemwacha ili nikakae kwenye shimo lako la maonyesho?
Huyo hawamuulizi?"

Usiku nikalipeleka faili, halijaguswa.
Chini yake palikuwa na kisanduku: maelezo mengine, kama yapo.
Nikaandika: Majua ni ya kweli. Tundu si lake.
Nikafuta.
Nikaandika tena.
Saa ya ukutani ilikuwa na dakika kumi na moja za kunisubiri.

Asubuhi, kabla ya kufungua duka la dawa,
nilipita sokoni nikanunua sangara mmoja, mnene,
nikamtundika kwenye kitasa cha mlango wa Fedosia.
Deni hilo angalau lilikuwa na uzito wa kupimika.